Kubadili taa za nyuma bila dashibodi kulalamika: balbu, rezista, kompyuta au taa nzima?

Gari langu ni BMW 320i ya kizazi cha E90, saluni ya kabla ya mwaka 2008, na lilipita Japani kabla ya kushushwa Dar es Salaam. Kwa hiyo likitaka kunionya, linanionya kwa Kijapani. Siku niliyofunga balbu za LED nyuma kwa mara ya kwanza, hata getini sijafika, dashibodi iliandika mstari mzima nisioweza kuusoma, na pembeni yake picha ndogo ya balbu. Picha niliielewa.

Tangu hapo, kwenye gari langu na kwenye magari ya ndugu na majirani, nimeshapitia karibu kila njia wanayotumia watu kuweka LED nyuma bila kelele za dashibodi. Ukiziweka pamoja ni tano. Wauzaji wengi huzipima kwa swali moja tu: onyo limezimika? Mimi nazipima kwa jingine: taa ya breki ikifa usiku nikiwa Chalinze, nani ataniambia? Dereva haoni mgongo wa gari lake. Anayeuona ni wa lori lililo nyuma yake, na huyo kawaida hapigi simu.

Gari linajuaje kwamba balbu imekufa

Usiruke sehemu hii, maana ukiielewa unaweza kuchagua mwenyewe bila kunisikiliza.

Balbu ya kawaida ya breki, ile inayoandikwa P21W kwenye kitako, ni ya wati 21. Kwa umeme wa volti 12 inavuta ampea 1.75. Balbu ya LED inayochukua nafasi yake mara nyingi ni ya wati tatu hivi, yaani robo ya ampea. Moduli, yaani kompyuta ndogo inayoendesha taa (kwenye E90 imekaa chini pembeni ya miguu, mafundi wanaiita FRM) haina macho. Inachopima ni umeme unaopita. Ikiona robo ya ampea mahali ilipozoea karibu mbili, inahesabu kwamba uzi wa ndani umekatika, na inakuandikia.

Huo ni ukaguzi wa taa ikiwa imewaka. Upo mwingine wa taa ikiwa imezimwa. Moduli hurusha umeme wa kufumba na kufumbua, mfupi mno kuupasha uzi moto, ili kuona kama njia imeungana. Balbu ya kawaida haishtuki. LED haingoji kupata moto ndipo iwake, kwa hiyo kila ikirushiwa inameta. Ndiyo maana mtu anafungua swichi, hajagusa taa, na jirani anamwambia taa zako za nyuma zinamulika kama vimulimuli.

Kuna na mtego wa tatu ambao wauzaji hawautaji. Magari mengi ya Kijerumani ya kizazi hiki hayana uzi wa pili wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo. Yanachukua balbu ileile ya wati 21 na kuikatia umeme mara nyingi kila sekunde ili iwake kwa ufifi, kisha ukikanyaga breki inapewa umeme wote. Uzi wa moto haupoi haraka, kwa hiyo jicho linaona mwanga mmoja mtulivu. LED huwaka na kuzimika pamoja na kila mkato. Ile ya hali ya chini hutetemeka, au taa ndogo inakuwa kali karibu sawa na breki.

Basi shika hayo matatu: kiasi cha umeme, ukaguzi wa taa ikiwa imezimwa, na kufifisha. Kila njia hapa chini inatibu moja au mawili. Inayotibu yote ni moja tu.

Njia ya kwanza: kubaki na balbu za kawaida, ila kusafisha

Najua hukuja kusoma hili. Hata mimi nilipoambiwa na mzee mmoja fundi umeme pale Gerezani niliona ananipotezea muda. "Toa taa yako nje kwanza mwanangu, tuitazame mgongo," akasema.

Tuliitoa. Soketi ya upande wa kushoto ina nyaya kadhaa, na mmoja wa kahawia, ambao kwa Wajerumani ndio ethi. Plastiki iliyouzunguka ilikuwa imeungua rangi ya ukoko wa wali, na kipande cha chuma kilicho ndani kimelegea kiasi kwamba ukikigusa na bisibisi kinacheza. Umeme wote wa taa ile ulikuwa unarudi kwa kupita kwenye kijitundu hicho. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa E90, na ndio ulikuwa unaniletea lile onyo la kuja na kuondoka tangu zamani, kabla hata sijawaza LED.

Kwa balbu ya uzi, hasara ndogo ya volti ni hasara kubwa ya mwanga. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Mzee alibadilisha kile kipande cha soketi, akaongeza waya mwingine wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye bolti ya bodi baada ya kuikwangua mpaka chuma kikang'aa, tukaweka balbu mpya za kampuni inayoeleweka. Nilipokanyaga breki niliona ukuta wa karakana umewaka mwekundu kuliko nilivyowahi kuuona.

Ubaya wa njia hii ni kwamba gari halionekani jipya. Na balbu ya uzi inachelewa: LED huwaka mapema kuliko balbu ya kawaida kwa takriban sekunde 0.2. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huo ni muda wa kutembea zaidi ya mita tano, zaidi ya urefu wa gari. Hiyo ndiyo hoja pekee ya kiusalama ya LED ninayoiheshimu. Mengine ni urembo, na urembo si dhambi, ila tuuite kwa jina lake.

Njia ya pili: balbu za LED zilizoandikwa "kanbasi"

Hizi ndizo zinazouzwa zaidi, kuanzia Kariakoo hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, na maneno ya dukani yanafanana. "Bosi wangu, hii kanbasi, funga usahau."

Jina lenyewe linapotosha. Kanbasi ni mtandao wa nyaya ambao moduli za gari hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Balbu haimo kwenye mazungumzo hayo. Wenye balbu wamepachika rezista, kijidude kinachokula umeme na kuugeuza joto, ndani ya mwili wake ili ivute umeme zaidi na kuidanganya moduli. Zile nzuri zina na kidhibiti cha kuzuia kumeta.

Shida ni joto. Rezista inapasha moto, LED inachukia moto, na hapa vimefungiwa chumba kimoja chenye ukubwa wa kidole gumba. Ili balbu isijiunguze, watengenezaji wengi hupunguza mzigo, na ukipungua sana moduli inaanza tena kunung'unika. Yangu ya kwanza ilinyamaza wiki nzima, kisha onyo likawa linarudi asubuhi tu, na mchana linapotea. Ya upande wa kulia ilikata baada ya miezi miwili: vidoto vinne kati ya vile vingi vikazimika, vingine vinawaka. Na hapo dashibodi ilinyamaza kimya! Rezista ilikuwa bado inavuta umeme wake, moduli imeridhika.

Lipo pia suala la mwanga wenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka taa ndogo ya nyuma isipungue kandela 4 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga), na ya breki isipungue kandela 60. Pengo ni mara 15, na ndilo linalomwambia aliye nyuma kwamba sasa unasimama. Kioo na kiakisi cha taa yako vilichorwa kwa ajili ya uzi mmoja uliokaa sehemu moja kamili. Ukiweka kijiti chenye vidoto vinavyomulika pande zote, mwanga haukusanyiki pale ulipotakiwa. Unaona taa "kali" ukisimama karibu, lakini pengo kati ya taa ndogo na breki limeliwa.

Ukiamua kununua hizi hata hivyo, chukua nyekundu kwa kioo chekundu. LED nyeupe ina wekundu kidogo sana ndani ya mwanga wake, na kioo chekundu kinauchuja huo mwingine wote. Matokeo yake ni taa hafifu yenye rangi ya waridi. Kwa indiketa yenye kioo cheupe chukua ya rangi ya chungwa. Na angalia pini za kitako. Balbu ya chungwa, PY21W, imepindishwa pini makusudi isiingie kwenye soketi ya nyeupe. Nimemwona fundi akiipiga tupa pini moja mpaka ikaingia. Ukiona tupa inatolewa mfukoni, chukua funguo zako uondoke.

Njia ya tatu: LED ya kawaida na rezista ya nje

Hapa rezista inatolewa nje ya balbu. Ni kile kibati cha rangi ya dhahabu chenye mapezi, waya mbili, kimeandikwa 50W na 6 kisha alama ya omu. Kinaunganishwa sambamba na balbu.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma na alternata inatoa volti 13.5, rezista ya omu 6 inavuta ampea 2.25 na kugeuza wati 30 kuwa joto tupu. Moduli inafurahi. Lakini umeme uliosema unaokoa kwa kuweka LED umeurudisha wote, tena na nyongeza.

Wati 30 ni joto la pasi ndogo ya kuchomelea nyaya. Kibati hicho kinapita nyuzi joto 100 bila shida, na ile 50W iliyoandikwa juu yake inahesabika tu kikiwa kimefungwa kwa skrubu kwenye chuma kinachobeba joto. Changu kilibandikwa kwa gundi ya karatasi ya pande mbili kwenye plastiki ya ndani ya buti. Duka silitaji, kosa ni langu pia, nilikuwa pale nikiangalia nikaona kazi safi. Jioni ileile nikakaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, kutoka Ubungo kwenda Kimara, mguu kwenye breki dakika kwa dakika. Nilisikia harufu ya mfuko wa nailoni uliogusa jiko. Nikadhani ni daladala la pembeni. Nilipofungua buti nyumbani, gundi ilikuwa imeyeyuka, kibati kimeanguka juu ya zulia, na plastiki ina lengelenge lenye ukubwa wa kiberiti. Zulia lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Kwa hiyo kwenye breki, ambayo foleni zetu huiweka ikiwaka muda mrefu, sikushauri. Kwenye taa ndogo inayowaka usiku kucha safarini, vilevile. Kwenye indiketa naielewa zaidi, kwa sababu inawaka na kuzimika na haikai muda mrefu. Ukifunga, funga kwa skrubu kwenye bati tupu la bodi, mbali na nyaya na zulia, na uunganishe kwa kuchomelea. Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya vinaingiza unyevu, na pwani yetu hii baada ya mwaka waya ndani umekuwa kijani.

Tena, kwa wenye E90, kuna hatari ya ziada wakati wa kuunganisha. Moduli ile huhesabu kila mara waya wa taa unapogusa ethi. Hesabu ikizidi, inaifunga njia ya taa hiyo kabisa. Unaweka balbu mpya, fyuzi nzima, waya mzima, taa haiwaki. Fundi asiyejua atakuuzia moduli nyingine. Anayejua atachomeka kompyuta na kufuta hesabu. Kabla ya kugusa waya wowote, zima kila kitu, funga gari, liache lilale kwanza.

Na upofu ni uleule wa njia ya pili. LED ikifa, kibati kinaendelea kuvuta ampea zake mbili na ushei, na dashibodi haina la kusema.

Njia ya nne: kuliambia gari lisiangalie

Watu wanaiita kodingi. Hakuna rezista, hakuna joto. Unachomeka kifaa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani na kubadilisha mipangilio. Kwa Volkswagen, Audi, Skoda na Seat, mafundi wengi wanatumia programu ya VCDS, wanaingia moduli namba 09, ile ya taa. Kwa BMW ipo programu ya simu ya BimmerCode na kiunganishi chake. Ukiona humo maneno ya Kijerumani KALTUEBERWACHUNG na WARMUEBERWACHUNG, la kwanza ni ukaguzi wa taa ikiwa imezimwa, la pili ni wa taa ikiwa imewaka.

Ninachopenda ni kwamba unaweza kuzima kimoja ukaacha kingine. Kama balbu zako zinameta tu, zima ule wa kwanza. Vimulimuli vinaondoka, na ule ukaguzi wa taa ikiwaka unabaki kazini. Ukizima vyote viwili, gari lako la Kijerumani limekuwa kama pikipiki ya zamani kwa upande wa taa: utajua imekufa siku utakayoambiwa na mtu.

Kodingi pia haigusi mwanga. Balbu mbaya inabaki mbaya, ila sasa hailalamikiwi. Lakini kati ya kudanganya kwa joto na kuzima kwa kompyuta, afadhali kompyuta, kwa sababu haiunguzi kitu na unaweza kuirudisha. Andika mipangilio ya mwanzo kwenye karatasi au piga picha kabla hujabadilisha hata nambari moja. Fundi akikuambia hakuna haja, mwambie wewe una haja.

Njia ya tano: taa nzima iliyozaliwa LED

Hapa hubadilishi balbu. Unatoa taa yote na kufunga nyingine ambayo kiwanda kiliichora kwa LED tangu mwanzo, vioo, viakisi na kiendeshi chake. Mfano ninaoufahamu kwa karibu ni wa shemeji yangu mwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha sita. Toleo la Golf R la kizazi hicho lilikuja na taa za nyuma za LED, na bodi ni ileile. Alinunua seti nzima iliyotumika, mbili za bodi na mbili za mlango wa nyuma, akaongeza nyaya za kubadilisha mpangilio wa soketi, kisha moduli 09 ikaandikiwa kwamba gari sasa lina taa za LED.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo tofauti. Moduli haikuambiwa ifumbe macho. Iliambiwa itazame kitu kingine: itegemee umeme mdogo, irekebishe ukaguzi wake, ififishe kwa namna LED inavyotaka. Mitego yote mitatu imetibiwa kwa pamoja. Taa zinawaka ghafla, pengo la taa ndogo na breki ni kubwa na safi, na dashibodi imetulia kwa haki.

Sasa matatizo. Bei kwanza: seti ya kweli ya kiwandani, hata iliyotumika, inagharimu kuliko njia nyingine zote nne ukizijumlisha. Pili, si kila moduli inakubali; Golf za mwanzoni mwa kizazi zinaweza kuwa na moduli isiyo na chaguo hilo, kwa hiyo mwambie fundi aisome kabla hujalipia taa. Tatu ni umbo. Kwenye E90 yangu, mwaka 2008 BMW ilipobadilisha sura ya saluni ilizigusa taa za nyuma na mfuniko wa buti kwa mara moja. Usinunue taa za toleo jipya kwa picha ya simu. Zipeleke kwenye bodi uzijaribu.

Na kuna bandia nyingi zenye sura ya kuvutia. Kwenye kioo cha taa tafuta herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, yaani nchi iliyotoa idhini. Alama inaweza kughushiwa, lakini isipokuwepo kabisa umeokoa muda. Kisha weka tone la maji kwenye ukingo wa gundi ya kioo na utazame kama linanywewa. Taa inayovuja masika haitafika masika ya pili, na LED iliyokufa ndani ya taa nzima haina balbu ya kubadilisha.

Kwa mtu mwenye haraka:

| Njia | Onyo linazimika? | LED ikifa utaambiwa? | Joto | Mwanga |
|---|---|---|---|---|
| Balbu za kawaida, ethi safi | Ndiyo, kwa sababu hakuna kosa | Si LED, lakini balbu ikifa ndiyo | La kawaida | Kama kiwanda kilivyokusudia |
| LED ya "kanbasi" | Mara nyingi, kwa muda | Mara nyingi hapana | Ndani ya balbu | Bahati nasibu |
| LED na rezista ya nje | Ndiyo | Hapana | Kali sana | Bahati nasibu |
| LED na kodingi | Ndiyo | Inategemea ulizima nini | Hakuna | Bahati nasibu |
| Taa nzima ya LED na kodingi | Ndiyo | Ndiyo, moduli ikiandikwa sawasawa | Hakuna | Bora kuliko zote |

Na wenye Toyota?

Nyinyi mnasoma haya mkicheka, na mna haki. Toyota nyingi zilizojaa barabarani kwetu hazikagui taa ya breki kabisa. Weka LED nzuri, endelea na safari. Saluni kadhaa za zamani zina kijisanduku cha kupima taa za nyuma nyuma ya kitambaa cha buti, hizo zitalalamika, lakini ni chache.

Kinachowasumbua ninyi ni indiketa. Ukiweka LED, inapiga mbio kama moyo wa mtu aliyekoswa na bodaboda. Mwendo halali ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Rile, kile kijisanduku kinachowasha na kuzima indiketa, ikiona umeme mdogo inadhani balbu moja imekufa na inaongeza kasi ili ujue. Dawa ya Toyota nyingi za miaka ya 2000 ni kubadilisha rile yenyewe, ile ya miguu minane iliyo chini ya dashibodi, kuweka ya kielektroniki isiyojali mzigo. Ni kazi ya dakika kumi na haina joto. Ila ukumbuke kwamba rile hiyo mpya nayo ni kipofu: indiketa ya nyuma ikifa, mlio ndani ya gari utaendelea kwa mwendo uleule wa kistaarabu.

Jaribio la ukuta

Njia yoyote utakayochagua, usimlipe fundi mpaka umefanya hili. Usiku, rudisha gari nyuma mpaka libaki mita mbili tatu kutoka kwenye ukuta mweupe. Washa taa ndogo, mtu mwingine akae kwenye breki. Simama pembeni, umwambie akanyage na kuachia. Ukuta unapaswa kubadilika waziwazi, kama mtu aliyefungua pazia. Ukilazimika kuuliza "umekanyaga?", taa hizo hazifai, hata kama dashibodi imenyamaza na rangi inapendeza. Kisha zima taa, acha swichi wazi, tazama dakika mbili kama kuna kumeta. Mwisho, chomoa balbu moja makusudi na uone kama gari linasema kitu. Jaribio hili la mwisho mafundi hawalipendi.

Ukiniuliza mimi: kama una gari la Mjerumani na fedha ipo, nenda njia ya tano au usiende kabisa. Kama fedha haipo, njia ya kwanza, na usione haya. Njia ya nne inafaa kwa taa zisizo na uzito sana, mfano za namba ya gari, ambako balbu ndogo zikibadilishwa kuwa LED hazimuumizi mtu. Ya tatu kwenye indiketa tu, kwa skrubu. Ya pili sitairudia.

Mimi mwenyewe nimerudi kwenye balbu za kawaida, na shemeji yangu hanyamazi kunitania kila tukifuatana barabarani. Mwezi uliopita, nikiwa natoka Mlandizi, ule mstari wa Kijapani ukatokea tena. Nikasimama kwenye kituo cha mafuta, nikazunguka nyuma: breki ya kushoto, uzi umekatika, kioo cha balbu kimekuwa cheusi kwa ndani. Ya akiba ilikuwa kwenye droo ya mbele, imeviringishwa kwenye risiti ya mzee wa Gerezani.